Kiwiko cha Baba Mdogo

Kijenge, Arusha
Jumapili, baada ya ibada

Tata, baba yangu, shikamoo.

Natumaini karatasi hii imekukuta mzima, goti limetulia, na mvua imewaachia nafasi ya kuanika kahawa. Mama anaendeleaje na kile kikohozi chake? Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafanya kazi. Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na kwenye kundi la ukoo siwezi kusema ninayotaka kusema huku nusu ya kijiji chetu cha Nyabiyonza inasoma. Nimemwomba mdogo wangu Asimwe akukabidhi mkononi. Tafadhali usiichane kabla ya kufika mwisho.

Tata, ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Ulisema nifunge mizigo nirudi nyumbani kabla mwezi huu haujaisha, na nisiporudi, basi siku ya kumuaga Asimwe kabla ya ndoa yake nisikanyage kwako. Mimi, dada yake, ninayetakiwa kumshika mkono na kumwingiza mbele ya wageni! Na yote hayo kwa sababu ya picha moja.

Jibu langu nalitoa mapema ili usihangaike kulitafuta. Kurudi, sirudi. Kumuaga mdogo wangu, nakuja. Sasa naomba unisikilize.

Baba Mdogo Joeli alikwambia alikuja Moshi na wanunuzi wenzake wa kahawa wa Nkwenda, kisha akapitia kwangu. Hilo ni kweli. Alifika Alhamisi jioni amevaa lile koti lake la kijani la mikutano. Nikampikia ndizi. Wenyeji wa huku huziponda pamoja na nyama mpaka ziwe uji, lakini kuna mama mmoja sokoni huniwekea za Bukoba, nikazipika na maharage kama Mama anavyopika. Alikula akamaliza. Nikamwachia kitanda, mimi nikalala sebuleni kwenye mkeka.

Asubuhi aliniona nimeoga, nimevaa, nimekaa mezani na kufungua kompyuta. Akakaa kwenye kochi akinitazama kama mtu anayesubiri basi.

"Huendi kazini?" akauliza.

"Niko kazini, Baba Mdogo."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Akatikisa kichwa akanywa chai.

Tata, najua umeulizwa mara nyingi kanisani binti yako anafanya kazi gani, nawe unajibu "mambo ya kompyuta" kisha unabadilisha mazungumzo. Ngoja nikueleze. Natengeneza tovuti. Mtu yuko mbali, hajawahi kufika Tanzania, anatamani kuona tembo. Kabla hajapanda ndege anataka kujua atalala wapi, atakula nini, nani atampokea. Anafungua simu yake, anakuta ukurasa wenye picha na maelezo, na mahali pa kubonyeza ili aulize. Ukurasa huo nimeutengeneza mimi. Rangi nimechagua mimi, herufi nimezipanga mimi, na nyuma yake kuna maandishi marefu ambayo mgeni hayaoni kabisa, lakini nikikosea alama moja tu, kila kitu kinavurugika. Nimewahi kushinda siku mbili nikitafuta nukta mkato iliyopotea. Ninapokaa kimya mbele ya kompyuta, Tata, sichezi.

Siku ile mteja wangu mmoja, mwenye kampuni ya kupeleka wageni mbugani, alinipigia mara nne. Kwanza alitaka tembo awe mkubwa zaidi. Kisha akataka twiga. Mwisho akataka wote wawili wawe wakubwa na maandishi yasipungue. Nikamweleza kwa upole kwamba simu ya mtu ina mipaka yake. Nilipokata, Baba Mdogo alikuwa amekodoa macho.

"Yaani unabishana na mwanamume mzima kuhusu twiga?"

"Leo twiga. Jana ilikuwa rangi ya nyasi."

Saa kumi na mbili jioni nikafunga kompyuta. Ijumaa ni siku yangu, Tata. Kazi hii inafanyika peke yako. Naweza kumaliza Jumatatu mpaka Alhamisi hakuna aliyelitamka jina langu kwa mdomo, wateja wote wananiita "dada wa tovuti". Kwa hiyo Ijumaa natoka. Naenda kwenye bustani moja ya vinywaji hapa jirani, na naenda kucheza drafti.

Nilianzaje? Kandambili zangu za ngozi zilikatika, nikampelekea fundi viatu mmoja anayeitwa Mzee Temba, ambaye kibanda chake kiko ukutani mwa bustani hiyo. Alikuwa anacheza huku anashona. Nikamwona anataka kusogeza kete ambayo ingemponza, nikasema, "Hiyo usiiguse." Akaniangalia juu ya miwani. "Binti, kama unajua kusema, kaa ucheze." Nikakaa. Huu ni mwaka wa pili. Wanawake tuko wawili, mimi na muuguzi mmoja ambaye zamu zake zikimruhusu anakuja. Waliobaki ni wanaume, kweli. Mafundi, walimu, mstaafu wa posta. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikosea adabu.

Na mchezo wenyewe nilijifunzia kwako. Unakumbuka ulivyokuwa ukinituma kupanga foleni ya kupima kahawa? Wanaume walikuwa wanacheza kwa vizibo vya soda wakisubiri mizani, na Baba Mdogo Joeli alikuwa hashindiki. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya mgongo wake. Hakuna aliyeniuliza naangalia nini. Nilikuwa naangalia mikono yake.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilimwambia, "Baba Mdogo, twende nikuonyeshe ninakopumzikia." Sikumficha. Tulipofika akaiona meza, macho yakamng'aa. Akavua kofia.

"Na wewe unacheza?" akaniuliza.

"Najaribu."

Akacheka mpaka watu wakageuka. Akamwita mhudumu, akasema tupigwe picha kwanza, akawaonyeshe watu wa Nkwenda kwamba amecheza mpaka Arusha. Dada yule akatupiga kwa simu yangu. Hapo hapo nikamtumia Baba Mdogo. Akaitazama, akaridhika, akapandisha mikono ya koti.

Mchezo wa kwanza nilimfunga. Akasema taa ni hafifu. Tukahamia chini ya taa nyingine, nikamfunga wa pili. Akasema hajazoea vizibo vya rangi moja. Vikaletwa vya rangi mbili. Wa tatu alicheza vizuri sana, Tata, nisimdhulumu, aliniondolea kete tatu kwa mkupuo na watu wakampigia makofi. Lakini alikuwa anapenda kuacha kona ya kushoto wazi, tangu enzi zile za foleni, na mimi niliingia kwa kona hiyo nikapata kingi. Wa nne na wa tano alicheza kwa hasira, hiyo haisaidii. Watu walikuwa wamesimama kutuzunguka. Mzee Temba akasema, "Mzee mwenzangu, huyu uliyemlea amekutoa jasho." Wote wakacheka. Baba Mdogo hakucheka.

Saa tatu tulikuwa nyumbani. Njiani alisema neno moja tu, kwamba huku kuna baridi. Jumamosi asubuhi nikamsindikiza stendi, nikamfungia mkate na maziwa ya njiani. Akaniaga vizuri.

Jumapili natoka kanisani nafungua simu, nakutana na picha yangu kwenye kundi la ukoo. Niko mezani nacheka, pembeni yangu Mzee Temba, nyuma wanaume wawili, mbele chupa. Chini yake ameandika: "Mtaalamu wenu wa kompyuta. Hivi ndivyo anavyofanya kazi." Baba Mdogo mwenyewe hayumo.

Tata, kukata picha ndiyo kazi ninayofanya kila siku. Naikata ya huyu, naipunguza ya yule. Nilijua kabla sijaikuza. Nilipoikuza, upande wa kulia chini kabisa, kuna kipande cha kitambaa cha kijani. Ni kiwiko chake. Alijiondoa kwenye picha, kiwiko kikabaki.

Nikampigia. Akapokea.

"Baba Mdogo, mbona umeikata picha?"

"Picha gani?"

"Kiwiko chako kimebaki."

Nilisikia mtu anapita na pikipiki upande wake. Kisha Baba Mdogo akasema polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Ungeniachia hata mmoja, Kokugonza. Mbele ya watu wote wale. Hata mmoja."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwambia, "Ungeniomba, ningekataa. Lakini ungenichukia mimi peke yangu, usingemwingiza Tata." Akakata simu. Baada ya nusu saa ukaja ujumbe wako.

Usiku ule nililia, nakiri. Picha nzima ninayo. Ningeweza kuiweka kwenye kundi, kila mtu amwone Baba Mdogo na koti lake, kifua mbele, mkono juu ya meza. Kidole kilikuwa tayari kimefika pale pa kutuma. Nikakiondoa. Ni mdogo wako, na wajukuu zake wamo kwenye kundi hilo. Nimeichapisha nakala moja, imo ndani ya bahasha hii. Itazame wewe tu.

Lakini usinielewe vibaya. Sijaiweka ili unisamehe kwa kuwa hata yeye alikuwepo. Asingekuwepo pia, nisingekuwa nimekosa. Nina miaka ishirini na tisa. Naamka mwenyewe, nafanya kazi ya mikono na akili yangu, Jumapili niko ibada ya pili safu ya nne. Ijumaa nacheza drafti. Chupa iliyo mbele yangu ni soda, na nisikudanganye, Ijumaa nyingine huwa ni bia, moja, na nainywa nimekaa kwenye kiti bila kujificha. Wewe ni mzee wa kanisa na sikufundishi kitu, ila rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiiva hapo nyumbani sijawahi kuona mtu akitolewa nje ya geti kwa kuionja.

Mdogo wangu wa kiume, Deo, anashinda Murongo mpakani wiki nzima na biashara zake, jioni anakaa na wenzake, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Ukimpigia unamuuliza biashara inakwendaje. Mimi ukinipigia unaniuliza niko na nani. Nimevumilia swali hilo miaka sita. Sasa nimechoka, Tata. Naomba uniulize kazi inakwendaje. Inakwenda vizuri. Wiki iliyopita yule wa twiga amekubali tembo peke yake.

Ijumaa hii ya juzi nilikuwa nimeamua nisiende. Nilikaa kitandani nimevaa viatu, nikijiambia nitulie mpaka mambo yapoe. Nikawaza: yakipoa, nitakuwa nimekubali kwamba nilikosa. Nikasimama nikaenda. Mzee Temba akanifunga michezo mitatu mfululizo kwa sababu akili yangu ilikuwa Nyabiyonza. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akapanga kete upya akasema, "Anza wewe."

Asimwe alinipigia analia, akasema nisipokuwepo hataingia ukumbini. Nimemkataza. Nimemwambia ataingia, kwa sababu nitakuwa nimemshika mkono. Gauni langu la bluu limeshashonwa. Nafasi ya basi nimeshachukua. Nikifika Kayanga sitalala kwa rafiki wala kwa shangazi, nakuja moja kwa moja nyumbani, mchana, watu wote waone.

Mwambie Mama namshukuru kwa kahawa ya kutafuna aliyompa Baba Mdogo aniletee, imefika na nusu nimewagawia watu wa mezani. Msalimie Bibi, mama yako, umwambie senene akiniwekea asizitie chumvi nyingi. Msalimie Deo, barua hii haina ugomvi naye. Na Baba Mdogo Joeli pia msalimie. Sitamtaja mbele za watu, wala sitamkwepa.

Tata, geti likifungwa nitakaa nje hapo hapo kwenye mizigo yangu mpaka lifunguliwe. Likifunguliwa nitaingia, nitapiga magoti mbele yako na kukuamkia kama ulivyonilea, maana wewe ni baba yangu na hilo halibadiliki. Lakini magoti hayo yatakuwa ya shikamoo tu. Ukisubiri niombe radhi, tutakaa hivyo mpaka jua lizame, mimi chini, wewe kwenye kiti, na mmoja wetu itabidi amwambie mwenzake ainuke tule.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Kokugonza