Kitambaa Chekundu kwenye Usukani

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Najim Said Mbaruku
Umri: Miaka 52
Dini: Muislamu
Kazi: Fundi magari
Makazi: Daraja Mbili, Arusha
Tarehe na saa: 4 Agosti 2025, saa 4:10 asubuhi
Kuhusu: Ajali ya gari kwenye uwanja wa kanisa, tarehe 3 Agosti 2025
Mwandishi: Sajenti Esther

Mimi Najim Said Mbaruku ninaeleza haya kwa hiari yangu. Hakuna aliyeniita. Nimekuja kwa sababu mzee Naftali Mbise ameandikisha hapa kituoni kwamba jana alikuwa anaendesha gari kwa mwendo kasi. Hilo si kweli, na ninajua kwa nini amelisema.

Mzee Naftali ana miaka 67. Ni mkulima wa kahawa na ndizi huku mlimani, na ni mzee wa kanisa lilelile ilipotokea ajali. Nimemfahamu tangu mwaka 2013, alipoleta gereji kwangu Subaru Impreza ya bluu, iliyotumika, akasema, "Fundi, nataka hii ikimbie." Nikamuuliza ikimbie kwenda wapi. Akasema, "Popote, mradi nirudi nyumbani." Tangu siku ile tumelilea gari lile pamoja. Injini yake nimeifungua mara mbili. Shokapu na springi tumebadilisha, breki za mbele tumeweka kubwa zaidi, na kiti cha dereva kina mikanda minne. Vyote vilikaguliwa na karatasi zake zipo.

Watu wakisikia gari la mashindano wanadhani mwenye gari ni mwehu. Mzee huyu akiwa mashindanoni anakimbia kweli, sikatai. Akitoka pale akiingia barabara ya watu, anaendesha kama amebeba mayai. Mimi humtania kwamba mbuzi wa Wameru wanampita. Yeye hujibu kwamba mbuzi hawana bima.

Mkewe, mama Tabea, analiita gari lile mke mwenzake. Kila nikifika kwao na kumwamkia, ananiuliza, "Baba Salwa, mke mwenzangu umemwonaje leo?" Nami namjibu, "Hajambo mama, ila anadeka." Salwa ni binti yangu. Ninaeleza haya ili ieleweke mimi si fundi wa kupita tu pale. Miaka kumi na miwili nimekula loshoro la mama yule, mahindi yake na maziwa ya mgando.

Sasa naomba hili liandikwe vizuri, maana ndilo lililoleta ajali. Gari lile lina pedi za breki za aina mbili. Pedi za kawaida hushika hata zikiwa baridi. Pedi za mashindano ni ngumu. Zikipata moto zinashika kuliko za kawaida, lakini zikiwa baridi, unakanyaga breki ni kama umekanyaga mche wa sabuni. Anayejua huzipasha kwanza, kwa kukanyaga breki mara kwa mara mahali tambarare, kabla hajashuka mteremko.

Kwa sababu hiyo tuna kitambaa. Nilikichana mwaka 2015 kwenye kanga nyekundu kuukuu ya mke wangu, Nusura. Nikilivalisha gari pedi za mashindano, nakifunga kwenye usukani, mafundo mawili. Kikiwepo, gari halisogei barabarani mpaka breki zipashwe. Nikirudisha pedi za kawaida, nakifungua nakitia mfukoni. Sheria ni moja tu, aliyefunga ndiye anayefungua. Mzee Naftali mwenyewe, ingawa gari ni lake, kwa miaka kumi hajawahi kukigusa.

Mnamo tarehe 2 Agosti 2025, siku ya Jumamosi, tulikuwa kwenye mbio za kushindana na saa, katika kiwanja cha ndege cha zamani ndani ya shamba la mtu, upande wa Usa River. Mbio zile ni halali na njia hufungwa. Mzee alikuwa wa nne kati ya magari kumi na moja. Waliomshinda wote ni vijana. Aliposhuka alikuwa anacheka peke yake na kofia bado iko kichwani, nami nilifurahi kuliko yeye. Samahani afande, najua hilo si la ajali.

Mbio zilikwisha saa 9:30 alasiri. Tairi tulibadilisha palepale. Pedi sikubadilisha, kwa sababu diski zilikuwa za moto, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi harusi ya mpwa wangu mjini. Nilimwambia, "Mzee, nenda nalo hivyohivyo breki zikiwa bado na moto. Kesho saa moja asubuhi niko kwako." Akasema, "Sawa fundi. Kesho ni sikukuu ya mavuno kanisani, nabeba ndizi za watu. Usichelewe." Wakati anaondoka kitambaa kilikuwa kwenye usukani. Nilikiona.

Mnamo tarehe 3 Agosti 2025, siku ya Jumapili, niliswali alfajiri, kisha nikajilaza kidogo kwa uchovu wa harusi. Niliamka saa 2:25. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nilimpigia mzee simu, haikupokelewa, kwa sababu akishavaa suti ya kanisani simu huiacha mezani. Nikachukua boksi la pedi na spana, nikapanda bodaboda ya Bariki, kijana wa kijiwe cha mtaani kwetu, tukaja huku mlimani.

Tulipita kanisa saa 3:20, tukaanza kupanda kwenda kwa mzee. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Kutoka geti la mzee hadi uwanja wa kanisa ni kama mita mia nne, na zote ni mteremko. Tulikuwa tunapandisha, gari likatupita likishuka. Mwendo wake ulikuwa wa baiskeli. Mzee alinipungia mkono. Niligeuka nyuma, nikaona taa za breki zinawaka, zinaendelea kuwaka, na gari halipungui. Nilijua amebeba pedi zipi.

Kisha injini ikanguruma. Nimeambiwa watu waliokuwa uwanjani wameeleza kwamba walisikia gari linanguruma, kwa hiyo lilikuwa linakimbizwa. Kunguruma walikusikia kweli. Mzee alishusha gia mpaka namba moja ili injini imzuilie gari, na bomba la moshi la gari lile lina sauti kubwa, nililifunga mimi. Mtu anayekimbiza gari hawashi taa za breki mteremko mzima. Bariki naye aliziona. Yuko hapo nje, aulizwe.

Langoni, upande wa kushoto, walisimama watoto wa kwaya. Mbele yaliegeshwa magari. Mzee alikata kulia, akavuta breki ya mkono, akaingia kwenye meza za mavuno, na mikungu ya ndizi ndiyo iliyolisimamisha gari. Mwinjilisti Elinami alikuwa anapanga maboga. Aliruka, akaangukia mkono, ukavunjika kwenye kifundo. Jana nilikwenda kumpa pole hospitali, na leo narudia kumpa pole. Ni mtu mwema na hakustahili.

Nilimkuta mzee bado ameshika usukani. Juu ya boneti kulikuwa na ndizi, na kuku mmoja hai. Aliniuliza kwanza kama kuna mtoto ameumia. Nikamwambia hakuna. Ndipo akasema, "Najim, pedi ulibadilisha?"

Nikasema, "Hapana mzee. Ndiyo nafika sasa."

Akautazama usukani. Akasema, "Mbona kitambaa hakipo?"

Afande ameniuliza kwa nini mzee hakujaribu breki kabla ya kutoka. Nitaeleza. Mara nyingi nimefika kwake wakiwa bado wamelala, nikabadilisha pedi, nikafungua kitambaa, nikaenda zangu bila kugonga mlango. Kwa hiyo alipoingia kwenye gari asubuhi ile na kuona usukani mtupu, alijua fundi amekuja na kazi imekwisha. Hakujaribu breki kwa sababu aliniamini. Na mimi niliyeaminiwa nilikuwa nimelala.

Saa 4:30 asubuhi, baada ya polisi kufika, mama Tabea aliniomba nimsindikize nyumbani kuchukua karatasi za bima. Yeye ndiye anayefua vitambaa vya madhabahu vya kanisa lile. Uani kwake vilikuwa vimeanikwa, vyeupe vyote, na katikati yake nikaona kitambaa chetu chekundu kimebanwa kwa vibanio viwili. Nilisimama. Akasema, "Kile ni cha kwenu, Baba Salwa. Kilinuka oili. Nikasema mke mwenzangu asiende mavuno na uchafu shingoni, nikakifua jana jioni. Jua lenyewe halikutoka, hakijakauka."

Nilisema, "Ahsante mama." Sikuweza kusema jingine.

Saa 6:00 mchana nilimwambia mzee, hapo nje ya kituo, mahali kitambaa kilipo. Akasema, "Asijue. Ukimwambia, mwanamke yule halali tena. Nilikimbiza gari mimi, basi."

Nikasema, "Mzee, watachukua leseni yako."

Akasema, "Wachukue. Nimeshakimbia vya kutosha." Huo ni uongo wake wa pili, kwa sababu Jumamosi, kofia haijatoka kichwani, alishaniuliza tarehe ya mbio za Oktoba. Aliingia ndani akaandikisha aliyoandikisha. Mimi nikarudi Daraja Mbili.

Nimefikiri, na ninaona hivi. Mama Tabea alifua kitambaa kichafu, na hilo si kosa popote duniani. Mzee Naftali aliuona usukani mtupu akaufuata kama tulivyokubaliana. Niliyeacha pedi za mashindano kwenye gari linalokwenda kubeba ndizi ni mimi. Niliyelala ni mimi. Na kubwa kuliko hayo, kwa miaka kumi kitambaa kile kimeingia na kutoka uani kwa mama yule, nami nimekaa mezani kwake, nikala, nikataniwa, na sikuwahi hata siku moja kumwambia kazi yake. Nilidhani ni mambo ya gereji. Nilimwona ni mtu wa kunipakulia, kumbe alikuwa mtu wa gari lile kama sisi.

Mzee Naftali ni rafiki yangu na ninampenda. Sioni aibu kulisema mbele ya polisi. Akiondolewa kwenye usukani kwa uzee, nitamsindikiza kwenye benchi na kukaa naye. Lakini asiondolewe kwa uongo aliousema kutuficha sisi wawili, mimi na mkewe. Kama kuna wa kuadhibiwa, gereji yangu inajulikana ilipo, na pedi zile bado ziko kwenye gari. Zikaguliwe zikiwa baridi, asubuhi, na ukweli utaonekana.

Nimesomewa niliyoyasema na hakuna nililopunguza. Naomba jambo moja tu, karatasi hii isisomwe mbele ya mama Tabea.

Sahihi ya shahidi: N. S. Mbaruku

MAELEZO YA MWANDISHI

Nimeyaandika maelezo haya mimi Sajenti Esther, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa 5:05 asubuhi. Nimemhoji pia Bariki, dereva wa bodaboda, ambaye amesema aliona taa za breki zikiwaka mfululizo na kwamba mwendo wa gari ulikuwa mdogo. Nimeomba mkaguzi wa magari apime breki asubuhi zikiwa baridi kabla ya hatua yoyote kuhusu leseni ya Naftali Mbise.

Ombi la mwisho la shahidi halikuwezekana. Saa 5:10, kabla hajatoka, alifika kaunta Tabea Mbise, miaka 63, mke wa Naftali, akaomba kuandikisha maelezo yake. Amesema jana, baada ya fundi kukitazama kitambaa na kuishiwa maneno, alikaa akafikiri mpaka akaelewa. Amesema pia kwamba mumewe hajakimbiza gari barabarani, kwa kuwa hata siku ya uchungu wa mtoto wao wa kwanza alimpeleka hospitali polepole hadi akatamani kushuka atembee. Ametaka iandikwe kwamba aliyekifungua ni yeye. Mpaka sasa ajali moja ina watu watatu, kila mmoja anadai kosa ni lake.

Amekabidhi kielelezo, kitambaa kimoja chekundu, kisafi, kimepigwa pasi. Nilimuuliza kielelezo kirudishwe kwa nani shauri likiisha.

Alimtazama shahidi, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwenye benchi, akajibu, "Mpeni fundi wake. Ila safari hii anifundishe kukifunga."