Sungura wa Watu, Kuku Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nafuma masikio ya doli za sungura tangu asubuhi. La mwisho limenigomea. Uzi wa kijivu una mafundo tele, na yule muuzaji wa hapa Matisi aliapa kwamba ni safi. Mwongo.

Bado miguu, bado kaptura. Watoto wa siku hizi hawataki sungura hivi hivi, wanamtaka yule wa katuni, mwenye kaptura na jino moja. Haya, nawafumia huyo.

Wiki ijayo Jumamosi naenda Bungoma. Wifi yangu Nekesa, dada ya mume wangu Wafula, amewakusanya mama wa chama chao pale Kanduyi niwafundishe kumfuma. Amenisifu mpaka naogopa. Ati mimi nikishika krosheti, sungura anapumua! Maelezo ya kufuma nimeyaandika mwenyewe, na tayari anayauza dukani kwake, jina la katuni juu kwa herufi kubwa. Leo najisikia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Ukurasa wangu wa kuuzia mtandaoni umefungwa.

Nilifungua simu niweke picha za doli, nikakuta ujumbe. Wenye katuni wamelalamika. Sungura ni wao, sura na jina. Nisipoacha kuuza doli na maelezo, ukurasa haufunguliwi tena, na wanaweza kunipeleka kortini.

Mimi? Wa Matisi? Wameniona wapi?

Kwanza nilikasirika. Uzi nimenunua mimi. Mkono ni wangu. Hesabu ya mishono nimeitoa kichwani mwangu. Na nilibadilisha rangi! Kaptura yao ni nyekundu, yangu ni ya njano.

Halafu hofu ikaingia. Wateja wangu wote wako kwenye huo ukurasa. Ugali umeungua. Wafula ameula hivyo hivyo. Sijamwambia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda nikijitetea mbele ya sufuria.

Kwetu, ukiona kitambaa kizuri kwenye kiti cha jirani, unakiomba. Unakaa nacho, unahesabu mashimo, unafuma chako, unarudisha cha mwenyewe kikiwa kimefuliwa. Hakuna anayekuita mwizi. Mama yangu alijaza sebule za Endebess kwa njia hiyo, na watu wakamshukuru.

Lakini tuliomba. Hata kitambaa cha kiti, tuliomba. Huyu sungura sikumwomba mtu.

Hilo limeniudhi kuliko ujumbe wenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nekesa amepiga simu. Anataka karatasi zingine za maelezo, zinaisha. Nikasema sawa, wifi. Sawa gani? Mwoga mimi. Duka ni lake. Wakinifuata mimi, watamfuata na yeye, na ndiye aliyenisimamia mbele ya mama wote wa chama.

Nimemwambia Wafula. Nilidhani atafoka. Akavua viatu, akafikiri, akasema kuna wakili anayeshauri watu bure kila Ijumaa kwenye ukumbi wa kanisa. Niende nikaulize anayejua, niache kujitisha.

Nitaenda.

Ijumaa, 7 Machi

Wakili ni msichana mdogo, lakini ana masikio. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akamchukua sungura niliyekwenda naye, akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni sungura tu. Akatabasamu, akauliza tena. Nikataja jina la katuni.

"Basi hiyo ndiyo shida, mama," akasema. "Hata mtoto aliye pale mlangoni angelitaja."

Kisha akanieleza yote.

Mchoro una hakimiliki, na kubadilisha rangi ya kaptura hakunisaidii. Jina ni alama ya biashara ya watu. Mimi nimeuza vyote viwili, kwenye doli na kwenye karatasi. Lakini mishono yenyewe haina mwenyewe. Kuzungusha, kuongeza, kupunguza, ni vya kila mtu. Na nikibuni mnyama wangu, nikaandika maelezo yake, ni wangu tangu siku hiyo.

Nikauliza kuhusu jela. Akasema niondoe kila kitu kwanza, niwajibu kwa adabu kwamba nimeondoa. Mara nyingi wanachotaka ni mtu aache.

Nimeondoa picha zote hapo hapo ukumbini. Nimewajibu. Nje nikalia kidogo, machozi ya kupumua.

Kisha nikampigia Nekesa. Nikamweleza. Akapaaza sauti, "Si ungeniambia jana, bana!" Nikasikia karatasi zikichanwa. Hakunitukana. Alichouliza ni Jumamosi nitafundisha nini, maana mama wote wameshanunua uzi wa kijivu na wa njano.

Swali zuri. Sijui.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimefumua sungura wote. Uzi umebaki umejikunja kama nywele zilizosukwa wiki nzima. Nimeuosha, nimeuanika. Sikuumia nilivyotarajia.

Mchana alikuja shemeji, kaka mkubwa wa Wafula. Tukamchinjia kuku. Firigisi ni ya mkubwa, kwa hiyo ikaenda kwa shemeji, na Wafula akaisindikiza kwa macho mpaka mdomoni. Nimecheka hadi nikatoka mezani.

Huko jikoni ndipo nikamwona. Kuku! Mwili wa kijivu, mabawa ya njano. Chini ya bawa mfuko mdogo, na ndani ya mfuko firigisi ya uzi. Watoto waigombanie kama baba zao.

Jumatano, 12 Machi

Kuku wa kwanza alifanana na birika. Wa pili ana shingo. Wa tatu ni kuku kweli, ana hata kiburi. Firigisi inatoka na kurudi vizuri. Maelezo nimeandika, jina langu chini.

Jioni simu imelia. Malalamiko yamefungwa. Ukurasa umefunguliwa.

Asante Mungu. Nimeosha vyombo nikiimba, hata vile vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 15 Machi

Kanduyi. Mama wamemfuma kuku kwa fujo na vicheko. Nusu wanasema firigisi ni ya baba. Nusu wanasema ni ya aliyefuma. Nekesa alikuwa akipita nyuma ya viti akijisifu kwamba mimi ni wao.

Mama mmoja mzee akaweka krosheti chini. Akauliza kama ninawaruhusu kumfuma na kumuuza, maana ni wangu. Wote wakanigeukia. Sijawahi kuombwa kitu namna hiyo. Nikasema fumeni, uzeni, ila karatasi ikinakiliwa jina langu libaki.

Nimerudi nyumbani jua bado liko. Yule kuku wa kwanza, wa birika, yuko kwenye kiti sebuleni. Mfuko mtupu, firigisi haipo. Nikainua mito, nikachungulia chini ya meza. Wafula anakohoa tu.

Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Ati haki ya mwenye nyumba.

Nikamwambia hakuomba. Akairudisha mkononi mwangu. Akasimama, akanyoosha mikono yote miwili, akaomba.

Nimempa.