Walii Aliye Ng'ambo ya Chokaa

Ndugu yangu Ubaid, salamu na dua zikufikie hapo Wiyoni.

Mvua imeuvimbisha udongo mweusi wa barabara yetu huku bara. Tumeuchanganya na chokaa, na haukanyagwi mpaka ushikane. Kandoni matope yanameza magoti. Mlinzi ni mimi. Asubuhi nilimrudisha mama mmoja aliyekuwa akienda msibani, akaniambia, "Nawe Mola akufungie ndia!" Sasa nipite vipi mimi, niende harusini?

Basi nimekufanya wakili wangu, umwozeshe mwanangu Amal kesho. Kadhi akiuliza, mwonyeshe picha hii ya barua ninayokutumia kwa simu. Ukimshika bwana harusi mkono, uubane kidogo, ajue babake Amal yupo.

Amal mwambie nimezuiwa na kazi. Ya yule mama usimwambie.

Nduguyo akuombeaye,
Bwanamkuu