Baba na Amri ya Tano

Tononoka, Mombasa

Baba,

Nimekukasirikia, unisamehe. Watu wanakuja kunipa pole nami naitikia nimeshapoa, lakini sijapoa. Tangu tukuzike hata chakula hakinipiti.

Siku uliyozidiwa ulinikataza nisimwite padri. "Mwache baba wa watu, mie si wa kupakwa mafuta." Nikaenda hivyo hivyo, mbio. Tuliporudi ulikuwa umeshakata roho. Kwa kuwa mwili ulikuwa bado na joto, padri akakupaka mafuta, tukasali, kisha akaniuliza kwa nini ulikuwa hupokei komunyo. Yeye mgeni, hajui yaliyotokea Ganjoni. Nikamweleza kwamba ulikuwa mlinzi wa godauni, mwizi akakujia na panga, ukampiga rungu moja akafa, na hakimu akakuachia. Wewe hukujiachia. Kanisani ukahamia benchi la nyuma, wenzako wakienda kupokea umeinamisha kichwa.

Padri aliketi kitandani kwako. Akasema Kanisa halifundishi hivyo. Anayejitetea asiuawe, na hakukusudia kuua, hajaivunja amri ya tano. Na kama roho ilikusumbua, ungekuja kuungama, mngeyamaliza pale pale.

Pale pale, Baba. Na miaka yote ile umekaa nyuma.

Wewe ulisomeshwa dini ukubwani, kusoma hujui, ukakariri tu. Amri ya tano? Usiue. Ukabatizwa na neno hilo na hukutaka mtu akuongezee. Bi Salama jirani alikwambia, "Baba Maria, Mungu ajua ulikuwa wataka kurudi kwa wanao." Ukamjibu, "Ahsante, Bi Salama, lakini sisi tuna amri yetu." Kisha ukamuuliza habari za mguu wake.

Wananiambia Mungu ana huruma. Huenda. Lakini nilipokuacha kwenda kwa padri uliung'ang'ania mkono wangu, na sasa najua haikuwa homa. Ulikufa ukiogopa. Hilo hakuna wa kuliondoa, si padri, si mimi.

Nimeomba misa yako iwe ya yule kijana wa panga pia. Padri akaniuliza jina lake, sikuwa nalo. Ninachokijua ni kile ulichoniambia mara moja tu, ukageukia ukutani: kwamba alipoanguka alimwita mamake.

Kwaheri, Baba. Nitamtafuta huyo mama, nimwambie kwamba aliitwa.

Mwanao,
Maria