Mti Dume Ulioukata

Shambani kwa Mama,
Paoli, Indiana.
14 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Verlin,

Hujambo huko Arizona? Mgongo wako unaendeleaje, na mkeo Joyce na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila macho ya Mama yanazidi kufifia. Haya, nimekusalimu kama tulivyolelewa. Sasa nisikilize, maana nimekukasirikia sana.

Ulipokuja kututembelea mwezi wa tatu, nilikuachia nyumba nikampeleka Mama kwa daktari wa macho. Kurudi, nakuta umeangusha ule mti wa mpasimoni wa nyuma ya ghala, eti upate pa kuegesha karavani yako! Ukaniambia, "Dada, wa nini mti ule? Haujazaa tangu tuzaliwe." Nikameza hasira ili Mama asisikie.

Ebo! Utazaaje, na ni dume? Wewe mtoto wa hapa, uliyelamba bakuli la pudingi ya matunda ya pasimoni kila Sikukuu ya Shukrani, hujui kwamba mti jike hauzai bila dume karibu? Hata mgeni angeuliza kwanza!

Basi mwezi wa sita ule mti jike wa Mama ulichanua vizuri, nyuki wakaja, kisha maua yote yakapukutika. Msimu huu hakuna kitu. Ningepata pasimoni moja mbichi ningekulisha, ikukaze huo mdomo kwa ukakasi wake, lakini hata hiyo sina.

Kinachoniuma ni Mama. Kila asubuhi anatoka na ndoo, anainama, anapapasa majani kwa mikono. Unajua mwenyewe, kwake pasimoni haichumwi, huokotwa ikianguka yenyewe. Anarudi na ndoo tupu. Jana akasema, "Twila, mwite jirani Hobart aje na msumeno. Mti umezeeka, umechoka. Hata mimi nimechoka. Pudingi basi." Hajui kama dume haupo tena, macho yake hayafiki ghalani.

Nimemzuia Hobart. Yeye ana mti dume kwake, ila ni mbali mno kwa nyuki wetu, na baridi ikiisha tutapandikiza kijiti chake kwenye mti wetu jike. Kitachanua lini, Mungu ndiye ajuaye. Hiyo kazi niachie mimi.

Wasalimie Joyce na binti yenu Darla. Shangazi Opal anakusalimu, ingawa naye amenuna. Mungu akulinde, akupe na ujasiri, kwa sababu Jumapili utapiga simu na nitampa Mama moja kwa moja. Mwambie mti wake haujazeeka, wala yeye. Mwambie ni wewe uliyeufanya mjane.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Twila