Koplo Gunia msibani Temeke

Jumapili usiku, Temeke. Manyunyu tangu adhuhuri, na joto halijapungua hata kidogo. Nimejifungia chumbani. Sitaki mtu anione.

Leo nimemwaibisha baba yangu mbele ya mtaa mzima, na watu wakanipigia makofi.

Tumemzika Mzee Selemani, yule aliyekuwa akichora mabango ya maduka huku kwetu, akipanda ngazi yake kwa kuuvuta mguu mmoja mbovu. Wakati wa vita vya Hitla alikuwa askari Burma pamoja na baba, na huko ndiko alikomchora Koplo Gunia katika gazeti la askari. Nani asiyemjua Koplo Gunia? Yule askari mwenye gunia la maharage mgongoni: anateleza matopeni, analiangusha, analibeba, analiangusha tena, safari hii miguuni pa ofisa wa Kizungu. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye magazeti hayo. Baba alirudi nayo sandukuni, lakini sikumwona akiyafungua hata siku moja. Habari za vita hazungumzi. Ukimuuliza, atakuambia kulikuwa na mvua nyingi, basi.

Sisi ni Wanyamwezi na marehemu alikuwa Mzaramo, yaani watani. Mtani haendi msibani kulia tu. Kazi yake ni kumwigiza marehemu, kuchekesha wafiwa, kuzuia jeneza lisitoke mpaka wampoze kwa chochote. Na kwa kupenda kuchekesha, mimi ni balaa. Wanafunzi wangu shuleni wanalijua hilo. Nikaazima gunia kwa jirani, nikalijaza pumba, nikatafuta na sufuria la kuvaa kichwani.

Jeneza lilipotaka kutolewa, nikaingia uani mbio, gunia mgongoni. "Pisheni! Pisheni, Koplo Gunia anapita!" Nikateleza. Gunia likaenda mchangani, puu! Nikalipiga teke, nikalitukana, nikalibeba juu chini. Wanaume walishika mbavu. Hata mjane nilimsikia mle ndani akicheka huku analia. Jamani, nilijiona mfalme.

Nikaliangusha tena, kando kabisa ya jeneza.

Hapo baba akainuka mkekani. Hakukunja uso. Akaja, akapiga goti, akaliinua gunia kwa mikono miwili kama unavyomwinua mtu aliyelala, akalilaza juu ya mkeka. Akalipangusa mchanga. Kisha akarudi akakaa mahali pake. Vicheko vikakatika. Mimi nikadhani naye kaingia kwenye mchezo.

Nikacheka peke yangu.

Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, Mzee Abdala, aliyekuwa nao jeshini, alinishika mkono tukabaki nyuma ya wenzetu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"We mwalimu, mie nilidhani unajua," akasema. "Lile gunia si maharage. Ni Selemani mwenyewe. Alipigwa risasi ya mguu, baba'ko akambeba mgongoni porini mpaka kwa daktari. Alipopona akataka kuchora vile alivyobebwa. Mzungu wa gazeti akakataa, hataki picha za majeruhi, askari wataogopa. Basi Selemani akajichora gunia, na vituko akatia vya kwake, watu wacheke."

Kwa hiyo aliyekuwa akichekwa na jeshi zima ni baba. Alijua, akanyamaza, rafiki yake akaendelea kuchora. Na aliyembwaga Mzee Selemani mchangani leo, akampiga na teke kando ya jeneza lake, ni mimi.

Naona haya hata kuyaandika haya. Najua mtani hana kosa, na hakuna atakayenishitaki kwa wazee. Hilo halinisaidii kitu. Nimekaa nyumba moja na mtu huyu tangu aliporudi vitani, nikimhesabu kuwa hana la kusimulia. Mara ngapi nimewaambia wenzangu kwamba baba alikwenda Burma kunyeshewa? Nao wakacheka, kwa sababu mimi ni hodari wa kuchekesha.

Baada ya magharibi nilimfuata barazani, nikapiga magoti. Nikamwambia anisamehe, sikujua. Akanigusa bega. Akasema mtani hana kosa, na kwamba Selemani angekuwepo angecheka mpaka akohoe. Nikashusha pumzi. Nikainuka nikitaka kuingia ndani.

"Ila mwanangu," akasema, macho yake kwenye mvua, "mie sikumwangusha."

Alisema kama mtu anayejitetea. Baba yangu, anajitetea kwangu mimi.