Mashine Uliyoiona kwa Dirisha

Wanjiru, binti yangu mpendwa,

Leo nimekosa raha, ndiyo maana nakuandikia badala ya kungoja upige simu.

Unakumbuka ulivyoanza atachmenti yako, yale mafunzo ya kazini, kwenye kiwanda cha maziwa hapa Kitale? Ulikuwa mwaka wa tatu chuoni kule Bungoma, ukisomea usindikaji wa chakula. Ulipiga pasi koti jeupe mara mbili, nikakucheka. Jioni ulirudi koti likiwa safi vilevile.

"Walinipeleka jikoni, nikapikia wakubwa chai," ulisema. "Hiyo mashine ya maziwa niliiona tu kwa dirisha, mum."

Tulidhani ni mambo ya siku ya kwanza tu. Ikawa hivyo mpaka ukamaliza. Mwalimu wako alikuja mara moja, akasalimiana na meneja, akaondoka.

Ulipofuzu tulichinja mbuzi hapa nyumbani Matisi, majirani wakakuita injinia. Kisha ukaanza kuzunguka ukitafuta kazi, hadi mji wa Moi's Bridge, na kila mahali swali lilikuwa moja: umewahi kuendesha mashine? Wewe hujui kudanganya, ukawa unasema umezisoma. Mwishowe ukaenda Doha kulea watoto wa watu. Asubuhi ile hukulia. Mimi nililia ulipokwisha ondoka.

Sasa nikueleze jambo ambalo mdogo wako anakuficha. Nyambura amechukua kozi yako, chuo kilekile. Lakini sasa chuo kimekubaliana na kiwanda kilekile cha hapa Kitale: nusu ya wiki wanasoma darasani, nusu wako kiwandani, mwalimu akiwa nao, na mtihani wanafanyia kwenye mashine. Wazazi tuliitwa kuelezwa. Mwalimu wako alinitambua.

"Mama Wanjiru! Wanjiru yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Doha."

Akafurahi. "Kiwanda gani?"

"Yuko nyumbani kwa watu," nikamwambia. "Analea watoto."

Nikamuuliza, "Na wale waliomaliza kabla ya hawa, mmewapangia nini?"

"Kusema kweli, mama, hao hatujawafikiria."

"Si basi muwafikirie. Nao ni wenu."

Aliahidi kulipeleka neno hilo kwa wakubwa wake. Sijui kama atalipeleka, na sitaki ujenge nyumba juu ya ahadi ya mtu mwingine.

Juzi Nyambura alirudi akinuka maziwa, mikono imechubuka, akiongea bila kupumua. Nilifurahi, Wanjiru. Halafu nikaona haya kufurahi, nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Ni kama nimempa mtoto mmoja chakula mbele ya mwenzake mwenye njaa.

Ukipiga simu Jumapili anakuambia habari za mvua na mahindi. Anaogopa utaumia. Nami naogopa, lakini naogopa zaidi nyinyi wawili mkizoea kufichana.

Kwa hivyo usijilazimishe kumpa hongera kama moyo wako haujafika huko. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, nitavumilia. Ila siku utakapoweza, muulize wanavyopasha maziwa moto bila kuyaharibu. Mimi akinieleza naitikia tu. Anatamani kumsimulia mtu atakayeelewa, na nyumbani kwetu mtu huyo ni wewe peke yako.

Mungu akutunze huko uliko, nasi tuko hapa.

Mimi,
Mama yako